Boti moja, mistari mitatu: ontolojia katika kuunganisha taarifa za bahari, nchi kavu na anga

SWALI: Ndugu wataalamu, salaam kutoka Mtwara. Nipo upande wa TEHAMA katika timu inayoandaa mfumo wa mazoezi ya pamoja ya kijeshi, na data yote ni ya kubuni. Wenzetu wa baharini wanaleta taarifa za AIS (mfumo wa meli kujitangaza zenyewe kwa redio) na rada. Wa nchi kavu wanaleta ripoti za doria zinazopokelewa kwa redio na kuchapwa kwenye Excel, na wa anga wanaleta njia za ndege na droni. Tulijenga jedwali moja kubwa ambalo sasa lina safu 140, na bado boti moja iliyopita pwani ya Msimbati inaonekana kama boti tatu. Tumeshauriwa tutumie ontolojia. Ni kitu gani hasa, tuanzie wapi, na itaondoa tatizo hili? Na je, lazima tununue seva?

JIBU: Itaondoa sehemu ya tatizo inayotokana na maana. Sehemu nyingine inatokana na saa, ramani na namba za utambulisho. Hiyo ontolojia itaianika tu, kuirekebisha ni kazi yenu.

Jedwali likifika safu 140, mara nyingi kila chanzo kimekuja na safu zake na zikapangwa ubavu kwa ubavu bila kuulizana maana. Kwa wanamaji, "chombo" ni kitu kinachoelea. Kwa askari wa doria barabarani ni chombo cha moto, yaani gari au pikipiki. "Ndege" kwenye ripoti ya porini anaweza kuwa na manyoya. Kiboko cha yote ni neno "jeshi": tuna Jeshi la Wananchi, Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ukiandika kanuni kwamba kila chenye neno "jeshi" ni kikosi cha mapigano, gari la zimamoto litahesabiwa pamoja na vifaru.

Ontolojia ni maelezo rasmi, yanayosomeka na mashine, ya aina za vitu vilivyomo katika kazi yenu na mahusiano yanayokubalika kati yake. Huandikwa kwa kauli fupi za sehemu tatu, kama sentensi ya darasa la nne: kiima, kitenzi, yambwa. Ripoti_17 inahusu Boti_5. Boti_5 ni aina ya Mashua. Kila aina hupewa kitambulisho kisicho neno, tuseme MT_0042, kisha majina yanabandikwa juu yake: la Kiswahili, la Kiingereza, la redioni. Mkuu akiamua kesho kubadili jina, mnabadili bandiko na data haiguswi. Lugha ya kuandikia ontolojia ni OWL 2, iliyojengwa juu ya RDF (muundo wa hizo kauli za sehemu tatu), na ya kuulizia ni SPARQL.

Faida yake msiitafute kwenye hesabu ya vigeuzi, yaani programu za kubadili data ya chanzo kimoja isomeke kwa kingine. Vyanzo vitatu vinavyobadilishana taarifa moja kwa moja, kila kimoja na kila kingine, vinahitaji vigeuzi 6. Vikipitia modeli moja ya kati vinahitaji 6 vilevile, kuingia na kutoka. Tofauti huanza kwenye chanzo cha nne (12 dhidi ya 8), na vikifika sita ni 30 dhidi ya 12. Kwenu leo faida ni nyingine, na ndiyo inayoelezea boti yenu ya Msimbati.

Boti ni kitu. Mfuatano wa nukta kwenye rada ni taarifa. Ujumbe wa AIS ni taarifa ya pili, na maneno ya askari aliyeitazama akiwa ufukweni ni taarifa ya tatu. Jedwali lenu limehesabu taarifa likaziita boti. Katika ontolojia hivi ni vitu vya aina mbili tofauti kabisa, vilivyounganishwa na uhusiano "inahusu", kwa hiyo taarifa tatu juu ya boti moja hazina ajabu. Ongezeni aina mbili nyingine: tukio (kuondoka, kusimama, kukutana) na jukumu. Mashua ya uvuvi ikikodiwa kusaidia uokoaji haijageuka kuwa chombo cha aina mpya. Imepewa jukumu lenye mwanzo na mwisho. Wanaosahau jukumu hujikuta na aina inayoitwa "mashua ya uvuvi ya uokoaji ya muda", na baada ya mwezi wana arobaini kama hizo.

Mgawanyo huu msiubuni upya. Upo katika BFO, ontolojia ya juu (ya dhana za jumla zinazofaa fani yoyote) iliyopitishwa kuwa kiwango cha ISO/IEC 21838-2 mwaka 2021, na kazi yake kubwa ni kutenga vinavyodumu na vinavyotukia. Kwa msamiati wa kijeshi someni modeli ya JC3IEDM na mrithi wake MIM, zilizotengenezwa na mpango wa nchi nyingi uitwao MIP. Zisomeni na kuchukua mnachohitaji. Kuibeba nzima katika zoezi la mkoa mmoja ni kukodi jahazi kuvuka mfereji.

Kuanza, msifungue programu kwanza. Kaeni na watu wa operesheni mwandike maswali 10 hadi 15 ambayo mfumo lazima uyajibu, kwa maneno yao. Kwa mfano: "Ni vyombo gani vya majini vilivyokuwa ndani ya maili 3 za bahari kutoka lango la bandari ya Mtwara kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, na ni ripoti ipi ya doria inayogusa kimojawapo?" Pigieni mstari nomino na vitenzi, hizo ndizo aina na mahusiano yenu ya mwanzo. Zikizidi 60 mmeanza kueleza ulimwengu badala ya zoezi. Aina isiyoguswa na swali lolote itoeni, hata kama aliyeileta ana cheo.

Sasa kuunganisha taarifa na boti. Hapa ndipo miradi mingi huharibika, kwa sababu OWL ina uhusiano mtamu uitwao owl:sameAs. Ukisema A ni sawa na B, mashine inaamini ni kitu kimoja, na kila kinachojulikana kuhusu A kinahamia kwa B. Uhusiano huo hurithishana: A ni B, B ni C, basi A ni C. Kosa moja la usiku huunganisha boti ya samaki wa Mikindani na meli ya mizigo, na kulitengua ni kazi ya siku nzima. Wekeni uhusiano wenu dhaifu, "huenda_ni", wenye alama ya uhakika, ushahidi, na aliyeamua. sameAs iwe ya mtu aliyeidhinishwa tu, akiwa na ushahidi wa utambulisho usiobadilika.

Ushahidi gani? MMSI, namba ya utambulisho inayotumwa na AIS, ina tarakimu 9. Tatu za kwanza za meli huonyesha nchi: 674 na 677 ni Tanzania, 650 ni Msumbiji. Lakini inaweza kuchapwa vibaya, na hubadilika chombo kikibadili bendera. Namba ya IMO (Shirika la Kimataifa la Bahari), tarakimu 7, hubaki na meli maisha yake yote na inajikagua: zidisha sita za kwanza kwa 7, 6, 5, 4, 3, 2, jumlisha, na tarakimu ya mwisho ya jumla lazima ifanane na ya saba. Kwa 9074729 ni 63+0+35+16+21+4=139, mwisho 9, sawa. Namba hizi zote zihifadhiwe kama maandishi. MMSI za vituo vya pwani huanza na 00, na Excel ikizidhania ni namba za hesabu hukata sifuri hizo kimyakimya. Ngalawa na mitumbwi haina IMO wala AIS, na mbao hurudisha mwangwi hafifu wa rada. Huko ushahidi wenu ni mahali, muda na mwelekeo tu, kwa hiyo "huenda_ni" ibaki hivyohivyo.

Mahali penyewe pana mtego. Karatasi za zamani za ramani za Tanzania za 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, GPS inatumia WGS 84, na hii ni mifumo miwili tofauti ya kupimia mahali. Tofauti yake huku ni kama mita 300, ya kutosha kuipandisha boti ufukweni. Kila nukta ibebe jina la mfumo wake, kwa namba za orodha ya EPSG ya mifumo ya ramani: EPSG:21037 kwa Arc 1960 ukanda wa 37 kusini, EPSG:32737 kwa WGS 84 ukanda huohuo. Kigeuzi kifanye kazi mlangoni, kabla data haijaingia. Angalieni pia mpangilio. Mtwara ni takriban latitudo -10.27, longitudo 40.18. Zikibadilishana nafasi, boti inatua Atlantiki, magharibi ya Ureno. Alama ya kutoa ikidondoka, inatua Ethiopia. Makosa haya mawili angalau yanajionyesha. Lile la mita 300 halijionyeshi.

Majina ya mahali nayo yapewe vitambulisho. "Mtwara" ni mkoa, wilaya, manispaa na bandari. Ruvuma ni mto na pia mkoa, na ng'ambo, Msumbiji, wanaandika Rovuma. Shangani ipo Mtwara na ipo Unguja.

Saa ndiyo iliyowagawia boti mara tatu, tunakisia. Askari anaandika "saa 2 usiku" akimaanisha 20:00, AIS imeandika 17:00 ya UTC (saa ya kimataifa, nyuma ya yetu kwa saa 3), na mchapaji akiingiza 02:00 mmeshapata matukio matatu. Hifadhini maneno ya awali yalivyo pamoja na tafsiri yake katika UTC. Tengeni saa tatu: ya tukio, ya kuonwa, ya kupokelewa. "Usiku wa Ijumaa" ulizeni kila mara. Kwa wazee ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Kwa kijana wa seva ni Ijumaa yenyewe.

Jambo linaloshangaza waliotoka kwenye hifadhidata za kawaida: OWL haikagui makosa, inahitimisha. Mkisema kila boti ina nahodha mmoja tu, na data ikaleta wawili, mashine hailalamiki. Inahitimisha kuwa wale wawili ni mtu mmoja, isipokuwa mmetamka wazi kwamba ni tofauti. Na kisichoandikwa haikihesabu kuwa hakipo. Ukaguzi wa "lazima kuwe na saa" na "MMSI iwe tarakimu 9" uwekeni katika SHACL, lugha ya kukagua data ya RDF na kiwango cha W3C (shirika la viwango vya wavuti) cha 2017, na ripoti isiyopita irudi kwa aliyeituma ikiwa na sababu kwa Kiswahili.

Nukta ghafi za AIS msizimwage ndani. Meli iliyo safarini hutuma nafasi kila sekunde 2 hadi 10. Kwa sekunde 10 ni nukta 8,640 kwa siku, na kila nukta ikiwa na kauli 8 ni zaidi ya kauli 69,000 za meli moja. Nukta zikae katika hifadhidata ya mfululizo wa muda, kwenye ontolojia yaingie matukio.

Kila ripoti iwekwe katika grafu yake yenye jina, yaani fungu lake la kauli, ikiwa na chanzo, saa na daraja la usiri. Ripoti ikikanushwa mnaitoa nzima bila kupekua. Hitimisho lolote lirithi daraja la juu kabisa kati ya taarifa zilizolizaa, ingawa hilo pekee halitoshi: taarifa mbili za wazi zikiunganishwa zinaweza kufichua jambo la siri, na kuunganisha ndiyo kazi ya mfumo huu. Mahusiano yenye hatari hiyo yaorodheshwe na mtu wa usalama kabla ya kuwasha chochote.

Seva msinunue. Protégé ya kuandikia na Apache Jena Fuseki ya kuhifadhi na kuulizia ni za bure, na kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 16 inabeba kauli milioni kadhaa za majaribio. Anzeni na saa 24 za data ya zoezi na maswali matatu tu, mojawapo likiwa la boti ya Msimbati. Jibu lake sahihi ni boti moja yenye ripoti tatu, kila moja na alama yake ya uhakika. Likija "boti tatu", kagueni saa kwanza, kisha Arc 1960, ndipo mguse ontolojia.