Je, inafaa kumchukua mbwa wa mbio aliyeokolewa na kumfuga nyumbani?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Sisi ni Waislamu wenye asili ya Unguja na tunaishi Uingereza. Karibu na kwetu kuna watu wanaowatunza mbwa wa mbio wa aina ya greihaundi waliokwisha kustaafishwa, na huwatafutia familia za kuwachukua. Binti yangu wa miaka tisa amempenda mmoja wao, mbwa wa miaka minne aliyevunjika mguu wa nyuma mashindanoni, na tangu siku hiyo hana raha. Mume wangu anasema mbwa haingii nyumba ya Muislamu. Mimi nimesoma hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa maji, na moyo haujanitulia. Tufanye nini?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam wa rahmatullahi wa barakaatuh. Dada yangu, mumeo amesimama kwenye hukumu ya kumfuga mbwa, nawe umesimama kwenye haki ya mbwa juu yetu, na kila mmoja wenu ana dalili yake mkononi. Hadithi hizo hazigongani, bali kila moja inazungumzia jambo lake.

Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba anayefuga mbwa asiyekuwa wa kuwinda wala wa kuchunga mifugo, ujira wa amali zake hupungua kila siku, qirati (kipimo cha ujira) mbili katika mapokezi ya Ibn Umar, na qirati moja katika mapokezi ya Abu Hurayra, ambaye ametaja pia mbwa wa shamba. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi, kwa kiyasi, wameuingiza ulinzi wa nyumba katika haja hizo, kwa kauli yenye nguvu. Ibn Abd al-Barr, mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki, ameona kwamba kumfuga bila haja ni makruhi na si haramu, kwa kuwa kilichotajwa ni upungufu wa ujira. Hata ukiishika kauli yake, upungufu huo wa kila siku umebaki palepale, na mbwa huyu anaweza kuishi miaka minane mingine au zaidi.

Huenda mtu akakwambia kwamba greihaundi kwa asili ni mbwa wa kuwinda, na kwamba Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 4, imehalalisha windo la wanyama waliofundishwa. Asili yake ni hiyo kweli, na Waarabu waliwinda na mbwa wembamba wanaofanana naye sana. Lakini ruhusa imefungwa na kazi anayoifanya mbwa, haikufungwa na ukoo wake, na huko mliko sheria ya mwaka 2004 imepiga marufuku kumwinda sungura kwa mbwa. Wala msiseme mnamtaka kwa ulinzi, kwani mbwa hawa ni wapole, hubweka kwa nadra, na mchana kutwa hulala. Kumwita mlinzi ni hila, na Mwenyezi Mungu anaijua nia kabla hatujaitamka.

Wapo watakaokushauri umjengee banda uani, kama tulivyozoea kwetu. Kwa mbwa huyu ushauri huo ni dhuluma. Ngozi yake ni nyembamba, manyoya yake ni mafupi, mwilini hana mafuta ya kumkinga na baridi, hata wanaomtunza humvisha koti anapotoka nje wakati wa kipupwe. Ukimlaza nje unamtesa, na ukimlaza ndani analala pale mnaposwali na kusoma Qur'ani, ilhali Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam) ametufundisha kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba msimchukue kwa kumfuga.

Sasa nisikilize katika haki yake, kwa sababu hapa ndipo sisi watu wa pwani tumekosea sana. Nimekulia mtaani ambako mbwa akipita watoto huokota mawe, na wazee waliokaa barazani hawawakanyi, kana kwamba najisi ni kosa la mnyama. Mtu yule uliyemsoma aliteremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akakishika kwa meno ili apande, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo mbichi kwa kiu. Mtume alipoulizwa kama tuna ujira kwa wanyama, alijibu kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, kuna ujira. Mafakihi wa Kishafi wameandika kwamba mwenye maji machache ya udhu huyaacha na kutayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo, ikiwa yanahitajiwa na mnyama mwenye kiu anayeheshimiwa na sheria, na mbwa asiyedhuru, kwa kauli yenye nguvu, ni miongoni mwao.

Na mbwa huyu amedhulumiwa na wanadamu. Tangu ulipofunguliwa uwanja wa Belle Vue mjini Manchester mwaka 1926, mbwa wa aina yake wamekuwa wakikimbizwa nyuma ya sungura wa bandia ili watu wacheze kamari, na kamari imeharamishwa katika aya ya 90 ya Sura hiyohiyo. Mfunue sikio utaona herufi alizochorwa kwa wino ili atambuliwe mashindanoni. Serikali ya New Zealand ilitangaza Desemba 2024 kwamba itayakomesha mashindano haya, na Muislamu ana sababu zaidi ya kuyachukia.

Basi toeni sadaka kwa wanaomtunza, isiyokuwa zaka, kwani zaka ina watu wake wanane. Nendeni mkawasaidie kumtembeza na kumlisha. Ikitokea siku hana pa kukaa na anahofiwa kuangamia, kumhifadhi mpaka apate mtu wa kumchukua ni dharura inayoruhusiwa, na mtafunga chumba mnachoswalia.

Binti yako usimwambie kwamba mbwa ni mbaya. Mwambie kwamba sisi nyumba yetu tumeiweka kwa ajili ya malaika, na kwamba huyu rafiki yake atatafutiwa watu watakaomlaza penye joto. Akimgusa kukavu kwa kukavu, haoshi kitu. Akilambwa mkono, simama naye bombani, mwoshe mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi, na kesho yake mrudishe akamwone tena.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.