Kabla ya kununua jiko jipya, mwite dada anayeosha vyombo

Mkuu, umesema una mgahawa Arusha, wafanyakazi wako ni 9, unataka kupunguza mkaa na taka, na hujui ununue nini kwanza. Nimesimamia jiko la mgahawa Moshi, upande wa Mbuyuni, kwa miaka 6. Usinunue kitu bado. Anza na watu ulionao.

Sisi tulianza vibaya. Bosi alipitisha kwamba chakula kikimwagwa, mpishi anakatwa mshahara. Mwezi haukuisha, pipa likawa jepesi, tukafurahi. Kumbe makombo yalikuwa yanafungwa kwenye viroba na kutupwa mtaroni usiku. Iliniuma sana, maana hao tuliowatisha ndio waliojua tatizo liko wapi.

Aliyetufumbua macho ni dada wa vyombo. Yeye ndiye anayeona sahani inarudi na nini. Akasema wali unabaki kila siku, ndizi hazibaki. Tukapunguza kipimo cha wali, na mteja asiyeshiba anaongezewa bure. Dada huyo hakuwahi kuitwa kwenye kikao hata kimoja, alikuwa deiwaka tu, yaani kibarua wa kulipwa kwa siku. Wa kwako mpe mkataba kabla ya mtu mwingine yeyote.

Deiwaka wanakula gesi nyingi, na si kwa makusudi. Mtu wa leo hajalizoea jiko lenu; anawasha moto, ndipo anaanza kumenya vitunguu. Tulipowaajiri wapishi wawili moja kwa moja, mtungi wa kilo 38 uliokuwa unaisha kwa siku 9 ukafika 12, jiko likiwa lilelile. Zamu ya usiku ililoweka maharage kabla ya kufunga, ya asubuhi ikayakuta yamelainika. Tarehe ya kufunga mtungi mpya tuliiandika ukutani kwa chaki, na nusu ya hela iliyookolewa iligawiwa kwao mwisho wa mwezi. Hapo bosi alisita, nikambana mpaka akakubali.

Mabaki tuliwapa wafuga nguruwe. Sharti lao lilikuwa moja, plastiki isiingie kwenye ndoo, kwa hiyo mfanyakazi mpya alifundishwa kutenganisha siku ya kwanza kabisa.

Na likizo, tafadhali. Sheria inampa mfanyakazi siku 28 kwa mwaka. Mpishi aliyechoka anaunguza sufuria, na hapo umepoteza chakula, gesi, na maji ya kuisugua.

Jiko utabadilisha tu, maana mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Ila siku hiyo ikifika uwe na wapishi waliokaa nawe, si wa kuokoteza asubuhi.

Hapo kwako nani anaosha vyombo, na analipwa kwa siku au kwa mwezi? Nijibu hilo kwanza, halafu tuongelee majiko.