Sheria peke yake haileti figo

Mmeuliza serikali ifanye nini ili watu wengi zaidi wakubali viungo vyao, kama figo, wapewe wagonjwa siku wao wakifariki. Naona wengi wanakimbilia ile sheria kwamba kila mtu mzima ahesabiwe amekubali mpaka aseme hataki. Siipingi, ila jamani ikiwa yenyewe tu haifiki mbali. Brazili waliipitisha 1997, watu wakaingiwa na hofu kwamba madaktari watawamaliza mapema ili wapate figo, na 1998 serikali ikarudi nyuma.

Hispania ndo wanatajwa kila siku, lakini sheria yao ni ya 1979 na miaka kumi ya kwanza haikubadili mambo sana. Kazi ilianza 1989 walipounda shirika la taifa la upandikizaji na kuweka waratibu ndani ya hospitali, wengi wao madaktari wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), wa kumtambua mapema mgonjwa anayeweza kuwa mchangiaji na kukaa na familia yake, wakatoka wachangiaji kama 14 kwa mwaka kwa kila watu milioni moja mpaka wakapita 40. Na familia bado inaulizwa, ikikataa imekataa.

Hapo ndo penye kazi. Unaambiwa ndugu yako ubongo umekufa, lakini mashine inampumulia, kifua kinapanda na kushuka, mkono ukiushika una joto, halafu anatokea mtu humjui kashika fomu usaini, we ungekubali? Anatakiwa mtu aliyefundishwa, aeleze kifo kwanza mpaka kieleweke, awaache walie, ya viungo aje nayo baadae. Na timu inayomtibu mgonjwa isiwe ndo hiyo hiyo inayopandikiza, hilo liwe kwenye sheria na watu walijue, maana hofu ya aina ile ya Brazili huiondoi kwa mabango.

Israeli nao 2008 walipitisha sheria kwamba ukijiandikisha kuchangia unapata kipaumbele kwenye foleni siku ukihitaji wewe. Hiyo naipenda, japo wengine wataona ni biashara (kidogo ni kweli).

Kununua figo hapana, atakayeuza ni mwenye shida tu. Ila anayetoa figo akiwa hai asiingie hasara, nauli, mshahara wa wiki zote anazokaa nyumbani akipona, na vipimo vya kila mwaka baada ya hapo, serikali ilipe.