Kitulo, mvua ikiwa imekolea

Mhariri, wiki hii mmeuliza: ukipata siku nne za likizo na pesa ya kawaida, familia yako ungeipeleka wapi nje ya mji, na ungejiandaaje? Mimi naishi Uyole, Mbeya. Jibu langu ni Kitulo, hifadhi ya taifa ya maua huku milimani, baada ya Krismasi, kabla shule hazijafunguliwa. Tarehe naitaja makusudi, kwa sababu mwanzo tuliikosea.

Safari ya kwanza tulikwenda Juni. Shule zimefungwa, barabara kavu, tukaona ndio wakati wenyewe. Kule juu, mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari, tulikuta uwanda wa nyasi zilizopauka, umande umeganda asubuhi, na upepo unaoingia hadi kwenye mifupa. Binti yangu, ambaye alikuwa na miaka saba, akaniuliza, "Baba, maua yako wapi?" Askari wa hifadhi aliyekuwa nasi akamjibu kabla yangu: "Umeyakanyaga, mwanangu. Yamelala chini."

Alikuwa anasema kweli. Maua ya okidi ya Kitulo mengi huota ardhini. Kiangazi na baridi vikija, majani yananyauka na mmea unabaki kama kiazi kidogo udongoni. Mvua zikianza mwishoni mwa Novemba, kiazi kinachipua, na maua yanaendelea mpaka Aprili. Kuna aina 45 za okidi pale, katika aina za mimea kama 350, na ndiyo maana wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Viazi hivyo hivyo ndivyo vilivyokuwa vikichimbwa na kuvushwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula kinachopikwa kwa viazi hivyo. Kinachochimbwa ni mmea wenyewe, mwaka unaofuata hauchipui tena. Eneo hili likatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Kwa hiyo watoto waambieni mapema, tena nyumbani, si getini: hakuna kuchuma.

Tuliporudi na mvua, binti yangu alipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa na hakutaka kuondoka. Mbele yake lilisimama ua la zambarau iliyofifia, si kubwa kuliko ukucha wake wa gumba, na nyuma yake limening'iniza kijimkia chembamba. Tone la mvua lilikuwa limetuama mdomoni mwa ua. Alipoinua kichwa akaona jingine, kisha jingine, kisha mlima mzima. Mke wangu alisimama kimya na mwavuli wake, machozi yanamlengalenga. Natamani kila mtoto wa Mbeya aone hivyo walau mara moja, maana wengi wetu tumezaliwa chini ya milima hii na hatujawahi kuipanda.

Sasa maandalizi. Usafiri ndio wa kufikiria kuliko vyote. Kutoka Uyole unashika barabara ya Tukuyu, unakata Isyonje na kupanda katikati ya mashamba ya viazi. Ukitokea upande wa Iringa, unapandia Chimala kuelekea Matamba kwa ile barabara ya Hamsini na Saba, inayoitwa hivyo kwa kona zake 57. Mvua ikinyesha, gari dogo halifai. Sisi la kukodi lilitukwamia kwenye matope saa tatu nzima, na mtoto alitetemeka kwa baridi mpaka nikajuta. Kodi gari la juu lenye kuvuta magurudumu yote manne, na dereva aliyezoea njia hiyo. Mkijichanga familia mbili, gharama inabebeka. Gesti za kawaida ziko Matamba.

Nguo: mabuti, koti la mvua, sweta mbili kila mtu, soksi za kubadilisha. Chai ya tangawizi kwenye chupa isikosekane.

Siku ya tatu iacheni kwa ajili ya msitu wa Livingstone, unaopakana na uwanda. Huko, na kwenye Mlima Rungwe, anaishi kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina hilo siku zote. Nendeni na mwongozaji, tembeeni taratibu, msizungumze. Sisi hatukumwona. Tulimsikia: mlio mzito wa kukwaruza kama honi, juu ya miti iliyoota kuvu, kisha matawi yakatikisika na ukungu ukafunga.

Watu watawashauri mpitie na Ziwa Ngozi, Daraja la Mungu na ufukwe wa Matema katika siku hizo hizo nne. Mimi sishauri. Ngozi na Daraja la Mungu viko njia ya Tukuyu, mtakwenda Jumamosi yoyote na kurudi. Kitulo inataka mtu asiye na haraka, kwa sababu ukungu unaweza kufunika uwanda asubuhi nzima, na saa nane mchana ukafunguka ghafla, mkaona mlichokifuata.

Mwaka huu tunakwenda na mama yangu. Ana miaka sabini na moja, ameshanunua mabuti.