Rafiki asiyesema

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tuko vijana watatu, tunatengeneza programu ya kompyuta ya kufundishia maandishi ya wasioona. Mmoja anataka tuandike "breli", mwingine "nukta nundu". Tangazo letu linasema ni "programu rafiki kwa wasioona". Lipi sahihi?

JIBU: Marahaba. Yote mawili sahihi. Breli ni jina la Mfaransa Louis Braille, aliyebuni maandishi hayo mwaka 1824 akiwa na miaka 15. Nukta nundu yataja umbo: nukta zilizotuna, kama nundu ya ng'ombe, kidole kizipapase; kila herufi huundwa kwa baadhi ya nukta sita, zenye namba 1 hadi 6. Mimi napenda la pili. Chagueni moja, msiyachanganye.

Sasa tuje kwenye hilo "rafiki kwa", maana ndilo lililonipandisha presha. Siku hizi kila kitu ni rafiki: jiko rafiki, mbolea rafiki, hata choo rafiki. Rafiki tulimpokea kutoka Kiarabu, naye ni mwenzi wa safari, mtu wa kusema naye njiani. Tena ni rafiki WA fulani. Nani amewahi kusema "Juma ni rafiki kwa Ali"? Na msiniletee "askari kanzu" kuwa mfano wa jina linaloeleza jina jingine. Huyo kanzu yake twaiona.

Majuzi nilifungua programu moja ya namna hiyo, nayo ilijiita rafiki. Nikawasha kisoma skrini, kile kinachosoma kwa sauti yaliyo kwenye kioo, nikafumba macho. Nikasikia: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kitufe cha nini? Kimya. Herufi zenyewe zilichorwa kwa viduara vyeusi juu ya kioo laini, utafikiri kidole kitaviona. Rafiki gani huyu, anayekukaribisha kwake halafu hakuonyeshi mlango?

Semeni programu yenu inachofanya. "Asiyeona huandika R kwa kubonyeza F, D, S na K za kibodi kwa pamoja, nayo programu humtajia herufi na nukta zake: 1, 2, 3 na 5." Hapo mtu ameelewa. Mkitaka kifupi: "programu inayotumika bila kuona". Neno "rafiki" lenyewe, likiandikwa herufi kwa herufi, hula nukta 14. Nimezihesabu. Ni nukta nyingi kwa neno lisilosema kitu.

Najua hamtalifuta; pengine limeshachapwa kwenye fulana. Haya, bakini nalo. Ila vitufe vipeni majina.