Jibu: Picha za mawasiliano kwa watoto wasiozungumza

Mwalimu, shikamoo. Umeuliza kama vijana wa kompyuta mnaoshirikiana nao wachore picha zote upya ili wanafunzi wako wasiozungumza wapate ubao wa mawasiliano wa Kiswahili kwenye kishikwambi, yaani ukurasa wa picha ambazo mtoto anazigusa ili kusema anachotaka. Hapana, msijitwishe kazi hiyo. ARASAAC, mradi wa serikali ya jimbo la Aragón huko Hispania, una maelfu ya picha za bure, ila leseni yake hairuhusu biashara. Mkifikiria kuuza programu baadaye, chukueni picha za Mulberry, mkusanyiko mwingine wa bure. Leseni ya hizo inaruhusu biashara, mradi mtaje chanzo na mtakazozibadilisha mzitoe kwa leseni ileile.

Nguvu zenu ziende kwenye kinachokosekana: ugali na dagaa, daladala, jiko la mkaa, bibi aliyejifunga khanga. Na wekeni kitufe kizima cha "sitaki", mahali pa wazi. Mtoto lazima aweze kukataa!

Mbao zihifadhiwe kwa muundo wa faili uitwao Open Board ili zifunguke kwenye programu nyingine, Cboard ikiwemo. Nakuomba sana, watoto wenyewe na wazazi wao wazijaribu tangu ubao wa kwanza, na uchapisheni pia kwenye karatasi kwa siku ambazo umeme umekatika.