Kwenu mnaoshika kurasa za waheshimiwa

Juzi nimeona tena ukurasa wa kiongozi umefungwa komenti, na aliyebonyeza bila shaka ni kijana mgeni kazini mwenye nia njema kabisa. Wadogo zangu, nawapenda, lakini imetosha. Hamkuajiriwa kumkinga bosi na wananchi. Mmeajiriwa kumfikishia wanachosema.

1. Usifute swali. Matusi, vitisho na namba za simu za watu, futa bila kusita, na masharti yawe wazi juu ya ukurasa. Swali linalouma si tusi. Nilishuhudia timu moja ikiposti picha za uzinduzi wa kisima: utepe, makofi, mheshimiwa anatabasamu. Mtu mmoja akauliza, "Pampu iko wapi?" Kweli haikuwepo. Admini wa zamu akafuta. Mwenye swali akarudi na skrinishoti: "Mbona mmefuta?" Wakafuta tena, wakamzuia kabisa. Kufikia jioni, watu wasiowahi kukiona kisima chenyewe walikuwa wanauliza pampu chini ya kila posti, hadi kwenye salamu za rambirambi, na wafiwa wanasoma palepale. Hilo liliniuma sana. Na jibu lilikuwepo! Pampu ilikuwa imeagizwa, inasubiri umeme ufike. Mhandisi alijua; hakuna aliyempigia simu. Mheshimiwa mwenyewe akaja kuulizwa hadharani, hana habari, maana ripoti aliyopewa asubuhi ilisema mwitikio ni mzuri.

2. Ukurasa wa ofisi na wa familia visichanganywe. Meneja wa mji mmoja Marekani, James Freed, alikuwa akiposti picha za nyumbani na taarifa za kazi mahali pamoja. Mkazi akamkosoa kuhusu UVIKO-19, naye akafuta komenti na kumzuia. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, ambayo Machi 2024 iliweka kipimo: je, afisa ana mamlaka ya kusema kwa niaba ya serikali, na je, alikuwa anayatumia alipoposti? Yakiwepo yote mawili, kumzuia mkosoaji kunaweza kuvunja Katiba yao. Hata pasipo sheria kama hiyo, jiulize maswali hayo kabla hujabonyeza.

3. "Asante, tumepokea maoni yako" si jibu. Taja nani anashughulikia na lini utarudi na taarifa. Kisha urudi.

4. Chawa wasikudanganye. Wanaosifu watasifu hata picha ikiwa imegeuka juu chini. Mpelekee bosi malalamiko kwa maneno yaleyale yaliyoandikwa, bila kuyalainisha. Kenya, Juni 2024, vijana walijaza mitandao na simu za wabunge wakipinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 Bunge likaupitisha. Waandamanaji wakaingia bungeni, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais Ruto akakataa kuutia saini. Tarehe 5 Julai alikaa kwenye mjadala wa sauti wa X kuwasikiliza vijana na kuwajibu. Alifanya vizuri kukaa pale, lakini mjadala ule ulipaswa kuwa kabla ya kura, si baada ya mazishi.

Kwa hiyo ukiona swali lilelile linarudi siku tatu mfululizo, kutoka kwa watu wasiojuana, usingoje ripoti ya wiki. Mpigie bosi usiku huohuo, msomee komenti moja baada ya nyingine. Akifoka, mwache amalize, kisha endelea kusoma.